Vyombo vya Ngozi Mbichi Kuzunguka Milima ya Uluguru

Ngozi mbichi ni ngozi iliyochunwa, ikakwanguliwa nyama na mafuta, ikawambwa hadi ikakauka, bila kulowekwa katika maji ya magome wala dawa ya kiwandani. Ikiwa majimaji hukunjika na kushoneka apendavyo fundi. Ikikauka husinyaa, hukaza na kuwa ngumu kama ubao, na umbo iliyopewa hulishika kwa miaka. Sifa hiyo ndiyo iliyoifanya kuwa malighafi ya vyombo katika nchi zenye wanyama wengi na misumari michache. Kuzunguka Uluguru, katika eneo ambalo leo ni wilaya za Morogoro, Mvomero na Kilosa, vyombo vyake vilikuwa shogi la punda, podo ya mishale na ala ya sime. Jamaa zake wa karibu, ambao ngozi yao ililainishwa kwa mafuta na kukandwa, ni kiriba cha maji, mivukuto ya mhunzi na mkoba wa mganga. Havikuwa vyote vya watu wamoja, na vichache tu vilipakwa rangi.

Mzumbe iko chini ya miteremko ya magharibi ya Uluguru, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Iringa. Inafahamika zaidi kwa chuo chake, kilichoanzishwa mwaka 1953 kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kisha chuo kikuu mwaka 2001. Katika historia ya ngozi, Mzumbe ni mpakani. Nyuma yake kuna mlima wenye mvua, mashamba ya ngazi na migomba. Mbele yake, kupitia Melela, Mangae na Doma hadi Mikumi, kuna tambarare kavu za malisho na wanyamapori. Mlimani chombo cha mzigo kilisukwa. Tambarare kilishonwa.

Waluguru walikuwa na sababu nzuri za kutoitegemea ngozi. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ngozi mbichi katika unyevu wa namna hiyo hulegea, huota ukungu, hunuka na kuliwa na wadudu. Ng'ombe nao walikuwa wachache. Mbung'o wa nyika zilizouzunguka mlima waliwaua ng'ombe waliojaribu kuvuka, na miteremko yenyewe ni mikali kiasi kwamba malisho mapana hayapo. Mbuzi na kuku ndio waliofugika. Kwa hiyo mzigo wa Mluguru uliingia kwenye tenga la fito au mianzi, kikapu cha ukindu, mtungi wa udongo na kibuyu. Tenga bado lipo: nyanya za Mlali, jirani kabisa na Mzumbe, zimepimwa na kuuzwa kwa tenga kwa miaka mingi, na mlanguzi wa sokoni Morogoro hulitaja kama kipimo kuliko anavyotaja kilo.

Hata hivyo mlima haukuikosa ngozi kabisa. Ngozi ya mbuzi ilitumika kwa ngoma, kwa kubebea mtoto na kwa mivukuto ya wahunzi. Mivukuto, ambayo mahali pengine huitwa viriba kwa sababu ilitengenezwa kwa namna ileile ya kiriba cha maji, ni chombo ambacho mzigo wake ni hewa. Mbuzi huchunwa nzima nzima bila kupasuliwa tumbo, ngozi ikivuliwa kuanzia nyuma kwenda shingoni. Miguu hufungwa kwa kano, mdomo mmoja huachwa wazi ili kufunguliwa na kufungwa kwa mkono, na mwingine huunganishwa na bomba la udongo linaloingia motoni. Waganga nao walitunza dawa katika vibuyu, pembe na mikoba ya ngozi za wanyama wadogo wa porini, mara nyingi manyoya yakiachwa nje. Mikoba hiyo haikuchorwa. Aina ya mnyama ndiyo iliyokuwa alama, na aliyejua alitambua.

Walioishi kwa ngozi katika sehemu hii ya Tanzania ni Waparakuyo, wafugaji wa lugha ya Kimaa ambao majirani na wasafiri wa karne ya 19 waliwaita Wakwavi. Vita vya ndani ya jamii za Kimaa katika karne hiyo viliwasukuma kutoka nyanda za kaskazini kuelekea kusini na mashariki, wakasambaa Handeni, Bagamoyo, Kilosa na mabonde ya Wami na Mkata, wengine wakafika hadi nyanda za Iringa na Mbeya. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi nao na kuandika kwa kirefu juu yao katika miaka ya 1970 na 1980, aliwaeleza kama wafugaji waliojifunza kuishi katikati ya wakulima. Tofauti na Wamaasai wa Serengeti au Simanjiro, hawakuwa na nchi pana iliyo yao peke yao. Walihama kati ya vijiji vya Wakaguru, Wazigua, Wakwere na Waluguru, wakibadilishana mifugo na maziwa kwa nafaka, tumbaku na vibuyu. Kuhama huko kulidai chombo kisichovunjika.

Chombo chenyewe ni shogi. Pwani, shogi la punda lilisukwa kwa ukindu au miyaa na kubebeshwa chokaa, mchanga, nazi na mawe ya kujengea. Wafugaji wa Kimaa walilitengeneza kwa ngozi ya ng'ombe, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, kama ilivyokuwa kujenga nyumba, kukamua na kuwatunza punda. Jambo hili linafaa kushikwa, kwa kuwa linaeleza mengi ya mbele. Mwanaume alikuwa na ngao, mkuki na sime. Mwanamke alikuwa na nyumba, na nyumba ilipohama ilipanda mgongoni mwa punda.

Kazi huanzia chini. Ngozi iliyochunwa hutandazwa ardhini manyoya yakiwa chini, ukingo wake hutobolewa matundu, na katika kila tundu hupigiliwa mambo ya mti. Mambo hupigiliwa yakitazamana, moja kichwani na moja mkiani, moja ubavu huu na moja ule, ili ngozi ivutwe sawa. Ukianza upande mmoja na kumaliza mwingine, ngozi hukauka imepinda. Mabaki ya nyama na mafuta hukwanguliwa kwa kisu au chuma butu, kisu kikilazwa ili kisichimbe. Jua kali mno ni hasara: uso hukauka kabla ya ndani, na ngozi inayoonekana nzuri leo huoza katikati kesho. Baada ya siku kadhaa huwa tayari kukatwa. Sehemu ya mgongo, iliyo nene kuliko zote, hutengwa kwa vitu vinavyosuguliwa, kama nyayo za viatu na kuta za shogi. Sehemu ya tumbo na miguu hukatwa kwa kuzunguka, kutoka nje kuingia ndani, na kutoa ukanda mmoja mrefu usio na kiungo.

Ili kuwa shogi, kipande kilichokatwa hulowekwa tena hadi kilainike, hukunjwa katikati, na pande mbili hutobolewa kwa msharasi na kufumwa kwa ukanda uliolowa, huku mdomo wa juu ukiachwa wazi. Hapo uerevu wa ngozi mbichi huonekana. Mshono uliofumwa ukiwa majimaji husinyaa pamoja na ngozi yenyewe, na ukishakauka hakuna uzi wa pamba unaoweza kulingana nao. Mifuko miwili huunganishwa kwa kanda pana zinazopita mgongoni mwa punda, mmoja ubavu huu na mwingine ule, na kanda nyingine hupita kifuani na chini ya tumbo ili mzigo usirudi nyuma wakati wa kupanda wala kuteleza mbele wakati wa kushuka. Chini yake huwekwa ngozi laini au nyasi kumlinda mnyama na vidonda. Humo huingia vibuyu vya maziwa na maji, vyungu, nafaka, vitoto vya mbuzi visivyoweza kutembea, na wakati mwingine mtoto wa mtu.

Podo na ala hufuata kanuni ileile kwa umbo jembamba. Podo ya ngozi hushonwa ikiwa majimaji kwa kuzungushwa kwenye mti wa mviringo wa unene unaotakiwa, ikaachwa humo hadi ikauke, kisha mti huchomolewa. Kifuniko hutengenezwa kwa kuwambwa juu ya mdomo wa podo yenyewe, na kwa hiyo hukaa bila bawaba. Ala ya sime huanza na vibao viwili vyembamba vilivyochongwa kufuata umbo la upanga. Ngozi iliyolowa huvutwa juu yake na kushonwa mgongoni kwa mshono mmoja mrefu, kisha hukauka na kuvibana vibao hivyo bila gundi. Mwishowe hupakwa rangi nyekundu.

Rangi ndiyo inayowatenganisha mafundi wa ngozi wa Afrika Mashariki na wale wa nchi nyingine, na mfano unaofaa kulinganishwa uko mbali sana, katika nyika za kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Kanada. Huko Blackfeet, ambao nchi yao leo imegawanyika kati ya jimbo la Montana na lile la Alberta, waliishi kwa kumwinda baisani, mnyama mkubwa wa jamii ya ng'ombe mwenye nundu na manyoya mazito. Wanawake wao waliiwamba ngozi yake kwa mambo ardhini, wakaikwangua pande zote mbili, kisha, ikiwa bado imewambwa na ina unyevu, wakaichora kwa rangi za udongo wakitumia kipande cha mfupa wenye vitundu kama brashi. Walichora pembetatu, mistari na almasi za nyekundu, njano, kijani, buluu na nyeusi, na juu yake wakapaka gundi nyembamba ya kuilinda rangi isifutike. Ngozi ilipokauka ilikatwa na kukunjwa kama bahasha kubwa, ikafungwa kwa kanda. Ndani yake iliwekwa nyama kavu na mavazi. Bahasha hizo zilitengenezwa mbilimbili ili zining'inizwe pande mbili za farasi.

Mfanano na shogi la Kimaa hauhitaji kutafutwa. Huku na huko, fundi ni mwanamke, ngozi ni mbichi, na vyombo ni viwili viwili vya kubebwa na mnyama wa familia inayohama. Tofauti ni kwamba mwanamke wa Blackfeet alichora chombo chake, na wa Kimaa hakukipa rangi zaidi ya ile ya moshi na mafuta. Si kwamba Wamaasai na Waparakuyo hawakujua kuchora juu ya ngozi mbichi. Walijua sana, ila kazi hiyo waliiweka kwenye ngao. Ngao ya Kimaa ilikuwa kipande cha ngozi ya nyati au ng'ombe kilichoshonwa juu ya fremu ya mti, na uso wake ulichorwa alama za nyekundu, nyeupe na nyeusi zilizoitwa sirata. Nyekundu ilitokana na udongo uliochanganywa na damu au maji ya ndulele. Nyeusi, mkaa uliosagwa. Alama hizo zilitangaza rika na eneo la shujaa. Zilikuwepo pia alama za sifa ambazo kijana hakuruhusiwa kuzichora kwa hiari yake, mpaka ushujaa wake ukubaliwe na wakubwa.

Rangi ilikwenda kwenye ngao kwa sababu ngao ndiyo iliyotakiwa kusomwa kutoka mbali, na watu wasiojuana. Shogi lilisomwa na wa nyumbani tu, na wa nyumbani walimjua punda wao. Wanawake wa Kimaa walikuwa na uwanja mwingine wa urembo: shanga na simbi zilizoshonwa kwenye mavazi ya ngozi laini, kwenye shingo za vibuyu vya maziwa na kwenye kanda zake. Anayetafuta sanaa yao ya rangi aitafute hapo. Kusema kwamba shogi lisilochorwa linaonyesha ufukara wa sanaa ni kulisoma vibaya.

Shogi la ngozi lilikutana na biashara kubwa ya karne ya 19 bila kuishinda. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kandokando ya Uluguru. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipita upande wa kusini mashariki, kwenye kituo cha Zungomero, mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita kaskazini, mwaka 1871, kwenye mji wenye boma la mawe wa Simbamwenni, uliojengwa na Kisabengo, Mzigua aliyeuanzisha mji ambao ndio asili ya Morogoro. Mwaka uliofuata mafuriko ya mto Ngerengere yaliharibu sehemu kubwa ya mji huo. Wote walikuja na punda. Stanley alishughulika mwenyewe Unguja kubuni na kushona matandiko ya turubai, kamba na pamba. Haikusaidia sana. Punda wa Burton na wa Stanley walikufa mmoja baada ya mwingine kwa mbung'o, magonjwa, matope na mizigo iliyofungwa vibaya. Mzigo wa safari ya Unyamwezi uliendelea kubebwa na mpagazi begani au kichwani, kwa hiyo chombo cha biashara hiyo kilikuwa mtumba wa nguo uliofungwa kwa mikeka na kamba. Ngozi ilipata kazi ndogo ndogo: kufunika mtumba wakati wa mvua, kukata viatu, na kulalia.

Pigo lililoziangamiza ngozi zenyewe lilikuja ndani ya miaka kumi katika mabara yote mawili. Baisani wa nyika za Marekani waliuawa na wawindaji wa kibiashara hadi kufikia mapema miaka ya 1880 wakawa karibu wamekwisha, na kipupwe cha mwaka 1883 na 1884 mamia ya Blackfeet wa Montana walikufa kwa njaa. Mwaka 1890 na 1891 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika kupitia Pembe ya Afrika, uliteremka hadi maeneo ya Wamaasai na kuua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe, na nyati nao. Ndui na njaa vilifuata. Wafugaji waliobaki bila mifugo walikimbilia kwa wakulima, na baadhi yao hawakurudi tena kwenye ufugaji.

Baada ya hapo njia ziliachana. Baisani hawakurudi kwa wingi wao wa awali. Blackfeet waliendelea kwa muda kushona na kuchora kwa ngozi ya ng'ombe, lakini walifungiwa katika maeneo yaliyotengwa, hawakuwa tena na nyama ya kukausha wala safari za kuhama, na bahasha zao zikageuka bidhaa kwa watalii, wakusanyaji na makumbusho. Ndiyo maana leo zipo nyingi, zinahesabiwa kuwa kazi za sanaa, na zile za zamani huuzwa minadani kwa bei kubwa. Ng'ombe wa Afrika Mashariki walirudi. Waparakuyo walijenga upya makundi yao, wakaendelea kuhama, wakaendelea kushona mashogi. Chombo kilichobaki kazini kilitumika hadi kikachakaa, kikachanika, na kilichosalia kikakatwa kanda za kufungia ndama. Kupona kwa mifugo ndiko kulikolinyima shogi nafasi katika makumbusho.

Wakusanyaji wa Ulaya nao walichangia. Maofisa, wamisionari na wataalamu waliopita Afrika Mashariki ya Kijerumani na ya Kiingereza walichukua zaidi vitu vya wanaume na vya vita: ngao, mikuki, sime, podo, rungu, kofia za manyoya ya simba. Vitabu viwili vikubwa vya wakati huo juu ya Wamaasai, cha Moritz Merker cha mwaka 1904 na cha Alfred Hollis cha mwaka 1905, vinazichambua alama za ngao kwa makini. Vifaa vya punda havikupewa heshima hiyo. Mpiganaji alivutia, mwanamke anayepakia punda alionekana kila siku, na kinachoonekana kila siku huandikwa mwisho.

Ushindani wa nyumbani ulianza na mmea mmoja. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta miche ya katani kutoka Amerika. Iliyofika hai ilikuwa 62. Katika miongo miwili mashamba yalienea Tanga na kando ya reli ya kati, ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907. Ngerengere, Kimamba na Kilosa zikawa nchi ya katani. Kamba ya katani ilikuwa nyepesi, ndefu na rahisi, na haikulegea ikinyeshewa. Gunia lilibeba nafaka kuliko shogi na likakunjwa likiwa tupu. Ukanda wa ngozi ulibaki pale tu ambapo msuguano ni mkubwa. Waparakuyo wa Kilosa, walioishi wamezungukwa na mashamba hayo, huenda ndio walioigusa kamba hiyo mapema kuliko jamaa zao wa kaskazini.

Ngozi yenyewe ikapata bei. Serikali za kikoloni, ya Kijerumani kisha ya Kiingereza, ziliihesabu miongoni mwa mazao ya kuuza nje, na biashara yake ilipitia kwa wenye maduka wa Kihindi na Kiarabu waliokuwa kwenye stesheni za reli. Tatizo la wanunuzi lilikuwa ubora: ngozi zilizowambwa chini juani zilikuja zimeungua, zina udongo, zina matobo ya visu na makovu ya alama za moto. Maofisa wa mifugo walihimiza uwambaji wa fremu za miti, chini ya kibanda chenye kivuli, ili hewa ipite pande zote. Ushauri ulikuwa sahihi kwa mtengeneza viatu wa Ulaya. Kwa mwanamke aliyetaka kushona shogi haukuongeza kitu, na alama ya moto ubavuni haikumsumbua.

Dawa za kugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi iliyolainika zilikuwepo nchini muda wote. Magome ya mikoko kutoka delta ya Rufiji yalisafirishwa kwa ajili hiyo tangu enzi za Wajerumani, na miwati ilipandwa kwa wingi Njombe baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Viwanda vyenyewe vilikuja baadaye. Baada ya Azimio la Arusha, serikali ilikusudia ngozi isitoke nchini ikiwa mbichi. Vilijengwa au kupanuliwa viwanda vya ngozi Moshi, Mwanza na Morogoro, na mji wa Morogoro, uliokuwa ukigeuzwa kitovu cha viwanda, ukapewa pia kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1977. Kilipangwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa zikiwa za kuuzwa Ulaya. Jengo lake, lenye kuta za bati na bila hewa ya kutosha, halikufaa joto la Morogoro. Vipuri vilikosekana, ngozi nzuri ilikosekana, na ufundi wa kubuni viatu vya kumshawishi mnunuzi wa Ulaya haukuwepo. Hakikufika hata asilimia 5 ya uwezo wake. Kilifungwa mwaka 1990. Katika vitabu vya uchumi kimekuwa mfano unaotajwa mara kwa mara wa mradi uliobuniwa mbali na mahali ulipojengwa, na hukumu hiyo ni ya haki.

Vyombo vya ngozi vilivyokuwa bado mikononi mwa wafugaji vilipata shinikizo la aina nyingine. Mwaka 1967 na 1968 serikali iliendesha kampeni mkoani Arusha ya kuwaachisha Wamaasai mavazi ya ngozi, udongo mwekundu na mafuta, kwa hoja kwamba vinairudisha nchi nyuma. Kampeni haikulenga shogi, lakini ilifundisha kwamba ngozi mwilini ni aibu. Miaka ya 1970 ikaleta vijiji vya kudumu. Familia iliyokaa mahali pamoja, nyumba ikiwa haihami tena bali malisho tu ndiyo yanayofuatwa na vijana, haikuwa na mzigo wa kupakia nyumba nzima mgongoni mwa punda. Maji yaliyobaki kubebwa yaliingia kwenye dumu la plastiki la lita 20. Dumu halinuki, halilegei, huoshwa kwa maji ya moto, na hununuliwa dukani. Kwa maji na maziwa, shogi halikuwa na hoja ya kulijibu. Punda wa vijiji vya Melela na Kambala leo huonekana wamebeba madumu mawili mawili kwa kamba ya nailoni, katika mpangilio uleule wa ubavu kwa ubavu.

Katika makumbusho ya nje, ngozi za Blackfeet na vitu vya Wamaasai vimekutana chini ya paa moja. Makumbusho ya Pitt Rivers ya Oxford yana mashati 5 ya ngozi ya Blackfeet, yaliyokusanywa mwaka 1841, na mwaka 2010 yaliyapeleka Alberta ili wenyewe wayashike na kuyasoma upya. Miaka michache baadaye ujumbe wa Wamaasai kutoka Tanzania na Kenya ulifika katika makumbusho hayohayo kuangalia vitu vyao, ukabaini 5 ambavyo kwa mila havipaswi kutoka nje ya familia. Vilikuwa mapambo na vitu vya urithi. Suala la vyombo vya kila siku halikuwa na uzito huo, kwa sababu havikuwa na mwenye kuvidai: kilichochakaa hakiibiwi.

Bei ya ngozi imeshuka katika miaka ya karibuni kiasi kwamba machinjioni na vijijini nyingi hutupwa au kufukiwa, ingawa ushuru wa kusafirisha ngozi ghafi nje ulipandishwa hadi kufikia asilimia 80 na zaidi ili kuvisaidia viwanda vya ndani. Kiwanda cha ngozi cha Morogoro kiliingia mikononi mwa watu binafsi baada ya ubinafsishaji, na huko Moshi gereza la Karanga limejengewa kiwanda kipya cha viatu. Kwa mafundi wa mikono, ngozi mbichi haijawahi kuwa rahisi kupatikana kuliko sasa.

Kinachotengenezwa nayo bado ni kichache: wambo la ngoma, kanda za vibuyu, kanda za ndama, na ala ya sime. Hii ya mwisho ndiyo iliyoshinda wakati. Vijana wa Kimaasai na Kiparakuyo wanaolinda maduka na nyumba Morogoro mjini huivaa kiunoni, vibao viwili ndani, ngozi iliyosinyaa juu yake, mshono mmoja mgongoni. Huuzwa minadani na sokoni pamoja na sime yake, na bado hupakwa rangi nyekundu.